Namna ya Kumkaribia Mbwa Usiyemjua

Kati ya wanyama wote wanaofugwa na binadamu, mbwa ndiye aliyekaa naye muda mrefu kuliko wote. Mwaka 1914, karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa pamoja na mbwa. Wataalamu walipoipima mifupa hiyo waliona kwamba umri wake unafika miaka 14,000 hivi. Wakati huo hapakuwa na ng'ombe wa kufugwa, wala mbuzi, wala kuku. Hata kilimo kilikuwa bado. Ajabu ni kwamba, baada ya ujirani mrefu namna hiyo, wengi wetu hatujui kusoma dalili zilizo wazi katika mwili wa mnyama huyu. Mwanafunzi wa sekondari aweza kutaja sehemu za ua na hatua za ukuaji wa nzi, lakini akikutana njiani na mbwa asiyemjua huona mambo mawili tu ya kufanya: kukimbia, au kuokota jiwe. Makala haya yataeleza kwa nini yote mawili yaweza kumletea madhara, na ni lipi la kufanya badala yake.

Jambo hili si la mzaha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa wa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na kwamba takriban wote huupata kutoka kwa mbwa. Katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 40 hivi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Kwa hiyo elimu ya kumkaribia mbwa ni sehemu ya elimu ya afya.

Dunia ya pua

Ili tuelewe mwenendo wa mbwa, hapana budi kwanza tujue anavyoipata habari ya mambo yanayomzunguka. Binadamu hutegemea macho. Mbwa hutegemea pua. Ndani ya pua ya mtu mna seli za kunusia zipatazo milioni tano au sita. Ndani ya pua ya mbwa mna zaidi ya milioni 200. Mbwa anaponusa viatu vyako anasoma habari zako: umetoka wapi, umekutana na wanyama gani, na pengine kama una hofu. Kumnyima nafasi ya kunusa ni sawa na mgeni kuingia nyumbani mwa watu bila kupiga hodi.

Masikio yake nayo ni makali. Mtu husikia sauti zenye mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde. Mbwa husikia hata zile zinazofika 45,000 hivi. Makelele ya watoto yanayotufurahisha sisi yaweza kumkera yeye.

Macho yake, kwa upande mwingine, hayaoni kwa ukali kama yetu. Mbwa hutofautisha buluu na manjano, lakini nyekundu na kijani humchanganyikia. Mbali na hayo, jicho lake ni hodari mno katika kutambua kitu kinachokwenda, hata wakati wa magharibi mwanga unapofifia. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutokukimbia. Mbwa ni mzao wa mbwa-mwitu wa nchi za baridi, ambaye wataalamu humwita Canis lupus (wala asichanganywe na mbwa mwitu wetu wa mbuga za Afrika, ambaye ni wa jenasi nyingine). Babu yake huyo aliishi kwa kufukuza mawindo. Kitu kikimbiacho huamsha silika ya kufukuza hata katika mbwa aliyekuwa amelala kwa amani, na hakuna mwanafunzi awezaye kumshinda mbwa kwa mbio.

Lugha ya mwili

Mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, Charles Darwin, alichapisha mwaka 1872 kitabu kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyodhihirisha hisia zao. Humo alieleza mbwa wa namna mbili. Wa kwanza amekusudia shari: anatembea wima na kwa ukakamavu, kichwa kimeinuka kidogo, mkia umesimama, nywele za shingo na mgongo zimetimka, na macho yanakazia. Wa pili anamlaki bwana wake: mwili umeshuka na kupindapinda, mkia umeteremka na unapungapunga, masikio yamelala nyuma, nywele zimetulia. Darwin alionyesha kwamba kila dalili ya mbwa wa pili ni kinyume cha dalili ya yule wa kwanza, ili kusiwe na kosa katika ujumbe. Maelezo hayo yangali yanafaa hadi leo.

Hata hivyo yako mambo ambayo uchunguzi wa baadaye umeyaongeza. La kwanza ni mkia. Watu wengi huamini kwamba mbwa apungaye mkia lazima amefurahi. Sivyo. Kupunga mkia huonyesha kwamba mbwa amesisimka, na msisimko waweza kuwa wa furaha au wa hasira. Mkia ulio katika kimo cha kawaida, unaopungwa kwa ulegevu hata kiuno kikatikisika, ni dalili njema. Mkia ulioinuka juu na kukakamaa, unaotikisika kwa haraka nchani tu, ni onyo. Mwaka 2007 wachunguzi wa Italia waliwapima mbwa 30, wakaona kwamba mbwa alipomwona bwana wake mkia ulielekea zaidi upande wake wa kulia, na alipoonyeshwa mbwa mgeni mwenye ubabe ulielekea zaidi upande wa kushoto. Tofauti hiyo ni ndogo mno kutambulika kwa macho njiani, lakini yathibitisha kwamba mkia husema zaidi ya jambo moja.

La pili ni dalili za wasiwasi, ambazo ndizo zinazotuponyoka zaidi. Mbwa mwenye wasiwasi hugeuza uso kando, hupiga miayo ingawa hana usingizi, hujilamba pua ingawa hakuna chakula, huinua mguu mmoja wa mbele, huonyesha weupe wa jicho, au huficha mkia katikati ya miguu. Hapo anasema kwa adabu: niache. Asipoachwa, hukakamaa na kutulia ghafla; kisha hunguruma; kisha hukenua meno; mwisho huuma. Ni kama mtu apandaye ngazi, kidato baada ya kidato. Wenye kusema kwamba mbwa fulani aliuma bila onyo lolote mara nyingi hawakuviona vidato vya chini. Yafaa vilevile ikumbukwe kwamba mbwa aliyekuwa akipigwa kila anapounguruma aweza kujifunza kuuruka ukidato huo, akauma moja kwa moja. Kumwadhibu mbwa kwa sababu ya kunguruma ni kung'oa kengele ya hatari na kuiacha hatari yenyewe.

La tatu ni hofu. Wako wasemao kwamba mbwa abwekaye haumi. Si kanuni ya kutegemewa. Mbwa wengi waumao huuma kwa kuogopa, hasa wanapokosa njia ya kukimbilia. Kwa sababu hiyo mbwa aliyefungwa mnyororo, au aliyebanwa pembeni mwa ukuta, ni wa hatari kuliko yuleyule akiwa huru, kwani amebakiwa na meno yake tu.

Kwa nini mbwa hukimbia tunapoinama

Kila mtu aliyetembea katika vijiji na mitaa yetu amekwisha kuona jambo hili: mbwa koko anabweka, mpita njia anainama kana kwamba anaokota jiwe, na papo hapo mbwa anatoka mbio, hata kama hapana jiwe lolote. Huu ni mfano mzuri wa mafunzo ya uhusiano yaliyochunguzwa na Ivan Pavlov wa Urusi, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya usagaji wa chakula. Mbwa wa Pavlov walidondokwa na mate waliposikia ishara iliyozoea kutangulia chakula. Mbwa wetu wamejifunza kwamba kuinama hutangulia jiwe.

Mpita njia hudhani amepata kinga. Lakini tufikirie matokeo yake kwa muda mrefu. Mbwa aliyepigwa mawe tangu utotoni hujifunza kwamba kiumbe cha miguu miwili, hasa kilicho kifupi na chenye makelele, ni adui. Siku atakapokuwa hana pa kukimbilia, mtoto wa kwanza atakayeinama kufunga kamba za viatu ndiye atakayelipa deni la wengine.

Hatua za kumkaribia

Si kila mbwa apaswa kuguswa, wala si kila mtu apaswa kumgusa mbwa. Waislamu wengi wa pwani yetu, kwa kufuata madhehebu ya Shafi, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na hawana haja ya kumpapasa. Hata hivyo wao pia hukutana naye njiani, kwa hiyo ujuzi wa dalili zake wawafaa vilevile. Kwa yule anayetaka au anayelazimika kumgusa, hatua ni hizi.

Kwanza, tazama kama mbwa ana mwenyewe, na umwombe ruhusa. Nilipokuwa Uingereza kwa masomo ya udaktari wa falsafa niliona kwamba hata mtoto wa miaka sita huko hufundishwa kuuliza, “Je, naweza kumgusa mbwa wako?” kabla ya kunyosha mkono. Desturi hiyo haigharimu kitu. Mbwa asiye na mtu wa kumwangalia asiguswe kabisa.

Pili, mwombe ruhusa mbwa mwenyewe. Simama hatua chache kutoka kwake, umpe ubavu badala ya kumkabili kifua kwa kifua, wala usimkodolee macho. Miongoni mwa mbwa, kukazia macho ni kutaka vita. Acha mikono yako ining'inie. Zamani watu walifundishwa kumsukumia mbwa ngumi usoni ili ainuse. Siku hizi wataalamu wengi hawapendi jambo hilo, kwani mbwa ana pua ya kutosha kukunusa kutoka hapo alipo, na mkono unaomjia usoni waweza kumtisha. Mngoje yeye aje. Akija kwa mwili mlegevu, amekubali. Akibaki mbali, akigeuza uso au akikakamaa, amekataa; jibu lake liheshimiwe.

Tatu, akikubali, mguse begani, kifuani au ubavuni mwa shingo, kwa upole. Usipitishe mkono juu ya kichwa chake, maana hauoni vema na huudhani pigo. Usimkumbatie. Kwetu sisi kukumbatia ni upendo. Kwa mbwa ni kufungwa. Wala usimsogezee uso. Watoto, kwa kuwa ni wafupi, huumwa mara nyingi kichwani na usoni, na tutaona baadaye kwa nini majeraha ya huko ni mabaya zaidi.

Nne, baada ya kumpapasa kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, ondoa mkono ungoje. Akisogea karibu au akikusukuma kwa pua, endelea. Akiondoka au akijikung'uta, mazungumzo yamekwisha.

Wako mbwa ambao hatua hizi haziwahusu, kwa kuwa hawafai kukaribiwa na mgeni kwa hali yoyote: anayekula au kutafuna mfupa, aliyelala, mwenye watoto wachanga, aliyefungwa, aliye ndani ya ua au gari, aliyejeruhiwa, na wawili wanaopigana.

Mbwa akikujia mwenyewe

Ikiwa mbwa asiye na mwenyewe anakujia kwa kubweka, simama kama mti. Miguu iwe pamoja, mikono ikunjwe kifuani au ishuke mapajani, macho yatazame chini, mdomo ufungwe. Mti hauchekeshi wala hauogopeshi. Mbwa wengi hunusa kidogo wakaenda zao. Akitulia, rudi nyuma polepole pasipo kumpa mgongo. Ukiwa juu ya baiskeli, shuka na uiweke kati yako na yeye. Ukiwa na mkoba au mwavuli, uweke mbele yako, ili akiuma aume hicho. Na kama umeangushwa, lala kifudifudi kama gogo au jikunje kama kobe, vidole vifumbatwe shingoni na mikono ifunike masikio, wala usipige kelele.

Ugonjwa usiosubiri

Yote tuliyoyasema ni juu ya mbwa mwenye akili zake. Mbwa mwenye kichaa hafuati kanuni hizo, naye ndiye sababu kubwa ya kutowazoea mbwa ovyo. Nchini Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa karibu na Nairobi, na tangu hapo haujaondoka katika Afrika ya Mashariki.

Husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate. Mnyama anapouma, virusi huingia jerahani, kisha katika mishipa ya fahamu, na kupanda polepole hadi ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa wiki moja au zaidi ya mwaka. Jeraha la usoni au kichwani ni baya zaidi kwa kuwa njia ya kufikia ubongo ni fupi. Dalili zikisha kudhihirika, karibu kila mgonjwa hufa. Dalili katika mbwa ni kubadilika tabia, kuuma watu na vitu bila sababu, kudondokwa na mate, sauti kubadilika, na mwisho kupooza. Tena liko umbo la ugonjwa lisilo na ukali: mbwa hunyamaza, taya hulegea, huonekana kama aliyekwamwa na mfupa kooni. Mwenye huruma hutia mkono kinywani amsaidie, na hapo huambukizwa. Kadhalika mnyama wa porini, kama bweha au nguchiro, anayewasogelea watu bila woga ni wa kuepukwa.

Mtu akiumwa, au hata akikwaruzwa au kulambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Virusi vya kichaa cha mbwa vimefunikwa kwa utando wenye mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Asipakwe pilipili, udongo, majivu wala mafuta ya taa. Kisha aende hospitali siku ileile. Chanjo hutolewa kwa zamu, katika tarehe atakazopangiwa, na wenye majeraha makubwa huongezewa dawa yenye kingamwili zilizo tayari. Ni mashindano ya mbio: chanjo inaufundisha mwili kujikinga kabla virusi havijafika ubongoni. Chanjo hiyo ilitumiwa kwa mara ya kwanza na Louis Pasteur wa Ufaransa tarehe 6 Julai 1885, kwa mtoto wa miaka tisa aliyeitwa Joseph Meister, naye akapona. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungwa salama, aangaliwe na bwana mifugo kwa siku 10. Lakini matibabu ya mtu yasingoje siku hizo zipite.

Mbwa asiyeshikika hachanjwi

Dawa ya kweli ya ugonjwa huu ni kuwachanja mbwa wenyewe. Wataalamu hushauri kwamba katika kila mbwa 100, angalau 70 wachanjwe kwa kila kampeni. Kwa nini 70? Mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza mbwa wasiofika wawili. Tuseme ni mmoja na nusu. Tukimkinga mmoja katika kila watatu, kila mgonjwa ataacha nyuma yake mgonjwa mmoja tu, na tukizidisha hapo ugonjwa utapungua hadi kwisha. Lakini mbwa wetu hufa upesi na kuzaa upesi. Waliochanjwa mwaka huu watakuwa wachache mwakani. Akiba hiyo ndiyo inayotufikisha 70. Kwa njia hii Mexico, mwaka 2019, ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba imekomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kufikia lengo hilo ifikapo 2030.

Sasa ndipo elimu ya kumkaribia mbwa inapoonyesha thamani yake. Siku ya chanjo mbwa hapelekwi na serikali. Hupelekwa na watu wa nyumbani kwake, na mara nyingi ni watoto, kwa kamba mkononi. Mbwa aliyezoea kushikwa kwa upole hufika akachanjwa. Mbwa aliyelelewa kwa mawe na mateke hakubali kamba; hubaki nyumbani, nje ya wale 70, na huenda ndiye atakayeuleta ugonjwa mlangoni. Hofu tunayoipanda katika mbwa twaivuna katika wodi za hospitali.

Kazi ya darasani

Ndugu mwalimu, mambo yafuatayo yaweza kufanywa bila ya gharama wala hatari, maana hakuna haja ya kumgusa mbwa yeyote.

1. Kila mwanafunzi amtazame mbwa mmoja kutoka mbali kwa dakika 10, aandike hali ya mkia, masikio, macho, kinywa na nywele za mgongo, pamoja na jambo lililokuwa likitokea wakati huo. Darasa lilinganishe majibu, litenganishe yaliyoonekana na yaliyodhaniwa.

2. Wanafunzi wafanye mazoezi ya kusimama kama mti na kujikunja kama kobe, kisha wawafundishe wadogo zao wa shule ya msingi.

3. Darasa lihesabu mbwa wa nyumba 20 za jirani, liulize ni wangapi waliochanjwa katika mwaka uliopita, na litafute asilimia. Ikiwa ni chini ya 70, matokeo yapelekwe kwa bwana mifugo wa eneo hilo, na wanafunzi waulize tarehe ya chanjo ijayo.